Fundi wa parachuti aliyegoma kutia saini

Saa moja na nusu asubuhi, Doña Eulogia Rocabado tayari amevua viatu. Anatembea kwa soksi kando ya meza yenye urefu wa mita kumi na mbili, mkono wa kushoto ukipapasa kitambaa cha kijani, macho yakifuata nyuma polepole. Kwenye karakana yake hakuna mtu anayeruhusiwa kuikaribia parachuti akiwa na buti, hata awe kanali.

"Buti zina mchanga, na mchanga unakata uzi," anamwambia mwandishi bila kuinua kichwa. "Wewe pia, vua."

Leo ni siku ya kuruka. Askari thelathini na wanane wa kambi hii, nje kidogo ya jiji la Cochabamba, watapanda ndege saa tatu. Ni mara ya kwanza kwa parachuti hizi, zilizopokelewa mwezi uliopita, kufunguka zikiwa zimebeba watu.

Saa tatu na dakika ishirini fundi huyo mwenye umri wa miaka hamsini na minane amesimama pembeni ya uwanja, kiganja kimekinga jua, midomo inahesabu. Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na moja.

"Mama Eulogia, pumua basi," anamtania Sajenti Wilfor Orellana, mwalimu wa kuruka. "Usije ukaanguka wewe uliye chini."

Anapofika thelathini na nane anaketi palepale kwenye nyasi, anafunika uso kwa mikono miwili na kucheka kwa muda mrefu.

"Mwaka jana nisingeweza kutazama," analiambia gazeti hili. "Leo nimetazama wote."

Eulogia ni mzaliwa wa mji mdogo wa Punata. Mama yake alikuwa akishona sketi pana za kuuza sokoni, na mtoto alijifunza kazi hiyo akiwa amekaa sakafuni, akiokota vipande vya nyuzi. Aliingia kambini akiwa na miaka ishirini na tisa, mjane mwenye binti wa miaka miwili, baada ya kuona tangazo getini kwamba anahitajika fundi cherehani.

"Nilidhani nitashona suruali. Wakanionyesha kitambaa kikubwa kuliko nyumba yangu. Nikasema, haya, mshono ni mshono."

Kwa mshahara ambao leo ni bolivianos 3,400 kwa mwezi, amemsomesha binti yake, Nayra, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi. Na kwa miaka ishirini na tisa hakuna parachuti iliyopita mikononi mwake ikashindwa kufunguka.

Kazi yake nyingine ni kufuta. Parachuti ikifikisha miaka kumi na miwili, au ikichakaa kabla ya hapo, yeye ndiye anayeandika kwamba haifai tena. Zamani zilizofutwa zilikuwa zikiuzwa mnadani kama kitambaa tu. Wakulima walifunikia vitunguu, na wachuuzi wakatengenezea vivuli vya vibanda.

"Hata mimi nimenunua viazi chini ya parachuti niliyoifuta mwenyewe," anasema.

Mwezi Machi mwaka jana yaliletwa makasha yenye parachuti sitini. Makaratasi yalisema ni mpya, zimetoka kiwandani ng'ambo. Bei ya moja ilizidi mshahara wake wa miezi saba. Jina la kampuni iliyozileta halitajwi hapa kwa kuwa kesi bado iko mahakamani.

Kwa utaratibu wa kambi, mzigo wa aina hiyo hupokelewa kwa saini tatu: ya ofisa manunuzi, ya mhasibu na ya fundi. Eulogia alipopewa fomu, wenzake wawili walikuwa wameshasaini, na makasha yalikuwa bado yamepigwa misumari.

"Waliniwekea alama ya penseli mahali pa kusaini, kana kwamba sijui kusoma," anakumbuka.

Hakusaini. Aliomba kwanza afungue.

Kilichomshtua mwanzo ni harufu. Nailoni mpya hunuka dawa za kiwandani. Hizi zilinuka sabuni ya kufulia. Alifungua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne, karibu na tundu la juu la kupitishia hewa, vidole vyake viligusa kitu akavirudisha. Kulikuwa na kiraka kidogo, kama nusu ya kiganja, kilichoshonwa kwa uzi wa rangi ileile.

Aligeuza upande wa ndani, akaangalia uzi ulivyomalizwa. Ulikuwa umerudishwa nyuma mara mbili, kisha ukazungushwa chini ya tundu la mwisho la sindano.

"Hivyo ndivyo mama yangu alivyonifundisha kumaliza uzi. Hakuna kiwanda kinachofanya hivyo. Hata mafundi wenzangu humu ndani hawafanyi, nimewagombeza miaka yote wamekataa kujifunza. Ule mshono ulikuwa wangu."

Parachuti hiyo aliitia kiraka na baadaye kuifuta yeye mwenyewe, miaka sita nyuma. Mtu alikuwa ameinunua mnadani kwa bei ya kitambaa, akaifua, akabadilisha kamba na lebo, akaitia kashani na kulirudishia jeshi kama mali mpya.

Alikwenda moja kwa moja kwa ofisa manunuzi, meja ambaye naye ni mshtakiwa katika kesi hiyo. Mazungumzo yao anayakumbuka neno kwa neno.

"Mama Eulogia, umechoka. Nenda kapumzike nyumbani leo," meja alimwambia.

"Sijachoka, afande. Mshono ule ni wangu."

"Uzi wa kijani kwenye kitambaa cha kijani, utautambuaje wewe?"

"Wewe unamtambuaje mwanao shuleni, na wote wamevaa sare?"

Anasema meja aliacha kutabasamu. Alimkumbusha kwamba baada ya siku tisa vijana wa kozi wangeruka mbele ya wageni kutoka makao makuu, na kwamba ndege ikikaa chini kwa sababu ya fundi cherehani, fundi huyo ndiye atakayekwenda kujieleza.

Jumamosi yake, mwanamume mwenye suti alibisha hodi nyumbani kwake akiwa na kasha kubwa. Ndani mlikuwa na cherehani ya umeme, mpya kabisa, ya aina ambayo Eulogia alikuwa akiitazama tu madukani. Nayra ndiye aliyefungua mlango, mama yake akiwa nyuma yake.

"Ni shukrani tu, Doña, kwa utumishi wako wa miaka mingi," mgeni alisema.

"Shukrani za nani? Mimi nafanya kazi kambini. Wewe tumejuana wapi?"

"Jamani, zawadi nayo inaulizwa maswali?"

"Hii naiuliza."

Mgeni aliliacha kasha mlangoni akaondoka. Eulogia alikodi teksi, akalipeleka hadi getini kambini na kumtaka mlinzi aandike kwenye daftari lake siku, saa na namba ya cherehani. Daftari hilo sasa ni kielelezo mahakamani.

Nyumbani hali haikuwa nyepesi. "Nilimwambia, mama, umebakiza miaka mitatu ustaafu. Mitatu tu! Weka saini, nani atajua?" anasema Nayra, akitazama chini. "Mpaka leo najionea aibu."

Mama yake hamlaumu. Anakiri kwamba yeye mwenyewe alikaribia.

"Nisikudanganye. Jumatatu ile niliishika kalamu. Nilikuwa nimeshaiweka kwenye karatasi. Nikajiambia, labda ni ile moja tu, labda nyingine ni nzima."

Wakati huohuo Sajenti Orellana aliingia karakanani, amebeba viatu mkononi kama kawaida, kuuliza habari za mgawo wa parachuti. Kulikuwa na askari mmoja mwanamke, Yhoselin Camacho, mwenye kilo arobaini na tisa, mwepesi kuliko wote.

"Huyu mdogo mchagulie nzuri, mama. Upepo usije ukatuibia," sajenti alisema.

Eulogia aliweka kalamu chini. Akamweleza yote.

Sajenti Orellana anasema mwanzo hakutaka kuamini. "Nilimuuliza, una uhakika? Akanijibu, njoo uone. Akaweka tochi nyuma ya lebo. Nikaona vitundu vya sindano vya lebo ya zamani, vimezunguka ile mpya pande zote. Vijana wale ni mimi ndiye niwasukumaye mlangoni mwa ndege."

Walijua kwamba maneno matupu yangewamaliza wote wawili. Wakaenda kwa mkuu wa kambi, Kanali Remberto Antezana, mtu anayesifika kwa uhaba wa maneno. Kanali alivaa miwani, akaomba mkasi mdogo, akaifumua lebo kwa mkono wake. Akapitisha kidole juu ya vitundu.

"Ndege ipo," alisema mwishowe. "Mchanga upo. Kesho."

Meja alipinga, akidai kwamba majaribio yangeharibu mali mpya ya serikali.

"Kama ni mpya, zitarudi nzima," kanali alimjibu.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, mifuko sita ya mchanga, kila mmoja kilo themanini, ilipandishwa ndegeni ikiwa imefungiwa parachuti sita zilizochaguliwa kwa kura. Kambi nzima ilitoka kutazama.

Parachuti ya kwanza ilifunguka vizuri. Ya pili pia. Ya tatu ikatua taratibu kama unyoya, na watu wakaanza kumtazama Eulogia kwa jicho la pembeni.

"Meja alinisogelea akasema, haya, umeridhika? Nilitamani ardhi inimeze," anasimulia.

Ya nne ilifunguka, ikajaa hewa, kisha ikachanika kutoka ukingoni hadi juu. Wanasema sauti yake ilifika chini, kama mwenye duka anayepasua kitambaa. Mfuko wake ulishuka kama jiwe. Ya tano ilifika salama. Ya sita nayo ilichanika, mfuko wake ukaanguka hatua chache kutoka walipokuwa wamesimama, mchanga ukarukia buti zao.

Yhoselin Camacho, ambaye siku chache baadaye angekuwa angani, alijishika kifua kwa mikono miwili.

"Mimi nililia kwa sauti," anasema Eulogia. "Watu walidhani nalia kwa uchungu. Nililia kwa sababu ulikuwa mchanga."

Zoezi la kuruka lilifutwa siku hiyohiyo na makasha yakapigwa lakiri. Wakaguzi waliofika baadaye walieleza katika taarifa yao kwamba kati ya parachuti sitini, hamsini na moja zilikuwa kuukuu. Watu wawili wa kampuni ile na meja wamefikishwa mahakamani. Wote watatu wamekana mashtaka.

Hata hivyo, miezi iliyofuata haikuwa ya kupigiwa makofi. Eulogia alihamishiwa ghala la mablanketi, akaambiwa ni kwa usalama wake. Baadhi ya wafanyakazi wenzake waliacha kumsalimia. Wengine walimbandika jina la mchawi wa nyuzi.

"Miezi minne nahesabu mablanketi. Nilikuwa nikisikia ndege inawashwa, nasema leo nani kakagua?"

Alirudishwa karakanani kwa barua ya kanali yenye sentensi mbili. Ya pili ilisema hakuna atakayeruka pasipo mkono wake. Barua hiyo ameitundika juu ya cherehani.

Na mambo yamebadilika. Mzigo mpya ulinunuliwa kwa zabuni iliyofunguliwa hadharani, sampuli zikachaguliwa kwa kura, zikajaribiwa kwa mchanga, ndipo muuzaji akalipwa. Parachuti inayofutwa nayo haitoki tena getini ikiwa nzima. Eulogia huikata vipande vinne mbele ya mashahidi.

Kuna wasiofurahia. "Mama ninayenunua kwake viazi amenigombeza juzi. Eti, Eulogia, umetuharibia vivuli, sasa tunajifunika kwa vipande kama maskini! Nikamwambia, lete nikuunganishie, bure."

Mchana, askari walioruka wamejaa kantini. Sahani za silpancho zinapita, nyama imefunika wali na yai limefunika nyama. Yhoselin, mwenye vumbi hadi kwenye kope, anakuja kumkumbatia Eulogia kwa nyuma na nusura ammwagie soda.

"Uliniona, mama?"

"Nilikuona. Ulitua kwa makalio."

Meza nzima inaangua kicheko.

Eulogia atastaafu baada ya miaka miwili. Kabla ya hapo ana jambo moja analolitaka. Ameandika barua wizarani akiomba fomu ya kupokelea parachuti iongezwe saini ya nne: ya mmoja wa askari watakaoruka nazo, atakayepatikana kwa kura kabla makasha hayajafunguliwa. Jibu halijaja, lakini kanali amekubali waanze hapa kambini. Mwezi Septemba zitapokelewa parachuti arobaini za akiba, na kura imeshapigwa. Imemwangukia Yhoselin.

"Sasa mimi najua nini kuhusu mishono?" Yhoselin anauliza, mdomo umejaa wali.

"Utajua. Kesho saa moja na nusu uje karakanani, nianze kukufundisha."

"Na nikiona kitu sikielewi?"

"Husaini."

"Hata kanali akiwa amesimama pale?"

Eulogia anamsogezea sahani yake mwenyewe, ambayo bado ina nusu ya nyama. "Hata kanali akiwa amesimama pale. Kula, mwanangu. Kilo arobaini na tisa ni kidogo mno."