Duara la Karafuu

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi nilifunua kisahani cha kioo, nikaona duara. Fangasi niliyoikwangua kwenye ulimi wa mke wangu ilikuwa imetanda nyeupe juu ya uji wa viazi na sukari niliougandisha kwa jelatini, ila pale nilipodondosha mafuta ya karafuu palikuwa safi kabisa. Kwenye kisahani cha pili ilikuwa imemea juu ya kidonge cha hospitali.

Mimi ni fundi friji, mtaa wa Nakawa. Habari za vijidudu nimejisomea. Karafuu nilinunua soko la Kalerwe, nikazichemsha na kukeneka mafuta yake kwa bomba la shaba la friji chakavu.

Mke wangu alikuwa mpishi wa kambi ya polisi. Alikuwa na kisukari, na sasa hakumeza chochote ila uji wa baridi. Daktari alitueleza kuwa hii ni fangasi ya jamii ya hamira na vidonge haviiwezi tena. Ilibaki dawa ya kudungwa mshipani, ya kununua wenyewe. Mke wangu alicheka kwa sauti ya kukwaruza. "Miaka yote naumua mandazi kwa hamira. Leo imenigeukia."

Wenzake wa jikoni walichanga pesa ya sindano. Asubuhi ile nilimwonyesha visahani, maana nilizoea kumwonyesha kila nilichotengeneza. Nikamweleza kwamba kisahani si koo, kwamba mafuta yanayoua fangasi kwenye kioo huweza kuunguza nyama ya mtu. Alisikiliza hadi mwisho, amekiinua kisahani dirishani.

"Mzee, siku zote unaniambia nisiamini maneno, niamini ninachokiona. Nimekiona."

"Hiyo si dawa, Mama."

"Nipe karafuu. Pesa ya sindano iwe karo ya mwanao."

Niliyamwaga mafuta mbele yake. Hakukasirika. Alisema dawa yake imemwagwa, haoni sababu ya kununua nyingine. Nilimbembeleza siku kadhaa, dada zake wakambembeleza. Alipokubali, nilikimbia kununua chupa za sindano, lakini fangasi ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Alifariki kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa.

Bomba lile bado linanuka karafuu. Sijaweza kuliuza wala kulitupa. Muuza dawa alizipokea chupa zikiwa na vifuniko vyake, akanipa pole, akarudisha pesa yote. Tuliokoa shilingi laki tisa na sitini elfu.