Kichupa cha Daktari wa Farasi

Tulikuwepo wanne: mimi, mume wangu Bukuru aliyemtunza farasi wa misheni, mama mkwe wangu Nyabenda, na Bwana Shija, daktari wa mifugo kutoka Kasulu. Enzi zile za kuhamia vijijini, farasi yule ndiye aliyebeba wagonjwa wetu.

Siku moja farasi alishikwa na homa, tumbo likawa gumu. Shija akamchoma sindano tumboni, akakinga maji ya humo kichupani ayapime. "Mama, niwekee," akanipa mimi, akaenda kunawa.

Mimi nikaona uchafu, nikamwaga, nikaosha. Na kwetu Waha chombo cha mgeni hakirudi kitupu, nikakijaza maziwa.

Shija aliporudi akakiinua juani. "Lo! Usaha mtupu. Bukuru, tumbo limeoza, huyu ni wa kupigwa risasi."

Bukuru akamkumbatia farasi shingoni, akalia. Nami nikalia.

Nyabenda akakinusa kichupa. "Usaha gani unanukia moshi wa kibuyu changu cha maziwa? We mkwe!"

Wote wakanigeukia, hata farasi.

Shija alikinga maji upya, akaona yamechafuka kidogo tu, akamdunga farasi penisilini siku nyingi, farasi akapona. Wenzangu wote wameshatangulia. Anayekumbuka vingine anisahihishe, ila maziwa yalikuwa ya ng'ombe wetu Gaju.