Chumba Juu ya Zege la Gari Lisilokuja

Saa mbili asubuhi, uani kwa watu, Mama Bisibisi amepiga magoti, sikio karibu na sakafu, anagonga zege kwa nyundo. Mwenye nyumba, mwalimu wa shule ya msingi, amesimama mlangoni na chai iliyokwisha kupoa.

Kwenye kona ya nne mlio unabadilika.

"Hapa chini pana uwazi," anasema fundi.

"Basi tumekwisha," anajibu mwalimu.

Zege hilo, mita tatu kwa nne, lilimwagwa na marehemu baba yake miaka kumi na sita iliyopita, kwa ajili ya gari. Gari halikuja, zege likabaki la kuanikia nguo. Sasa mama yake, mwenye miaka sabini na tisa, magoti yamegomea ngazi za kwenda chumbani kwake ghorofani. Kwa miezi tisa analala kwenye kochi sebuleni, kati ya televisheni na wajukuu wanne. Zege jipya la kumjengea chumba mshahara wa mwalimu hauliwezi. Hili likikataa, bibi habanduki kwenye kochi.

Mama Bisibisi, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na moja, ana maneno mengi na hana haraka. Jina hilo alibandikwa na mafundi wanaume wakidhani wanamkejeli, naye akaliandika kwenye sanduku lake la vifaa. Ni miaka kumi na tisa sasa anajenga vyumba vyepesi vya mbao, bodi na bati juu ya misingi ambayo wenyewe wameshaisahau.

"Chumba changu hakifiki uzito wa gari," anamtuliza mwalimu. "Tatizo ni maji ya paa, yamekula udongo. Tutauziba huo uwazi."

Anachimba ubavuni, anashindilia kokoto na zege chini ya kona, anaiacha siku nne ikauke. Akirudi anagonga tena, safari hii akitabasamu.

Mwalimu anaomba chumba kiwe kidogo kuliko zege, ibaki baraza. Fundi anakataa katakata.

"Ukuta ukiwa ndani ya ukingo, mvua inapiga zege na kupenya chini ya ukuta. Nilifanya hivyo kazi yangu ya kwanza. Mwenye nyumba aliamka ndala zake zinaelea! Niliona aibu mwezi mzima."

Basi bodi za ukuta zinashuka kupita ukingo wa zege, upana wa kidole, maji yadondokee nje. Na kwa kuwa zege lina mteremko, kila nguzo anaikata kwa kimo chake.

Siku ya kuhamia, bibi anaingia na mkongojo, anakaa kitandani, anawatazama wote waliomfuata.

"Mbona mmejazana? Tokeni."

Wanatoka. Mlango unafungwa. Mwalimu anaingiwa na wasiwasi, anabisha.

"Mama, uko salama?"

"Salama, mwanangu. Miezi tisa sijafunga mlango. Niache nifaidi."

Mwalimu analia waziwazi. Mama Bisibisi anajifanya anatafuta skrubu, lakini macho yake pia yamelowa.

Kwake yeye analala chumba kimoja na wajukuu watatu. Uani kwake kuna zege la banda la kuku; banda lilibomoka zamani, zege lipo, analipita kila asubuhi akienda kuwajengea wengine. Jumapili hii, anasema, hachukui kazi ya mtu; anajijengea chumba chake.

"Nitaanza na mlango," anasema huku akifunga sanduku. "Kuta zitanikuta ndani."