Siku Shemeji Alipokuwa Rais

Shemeji yangu si mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu mimi nikishaanza kumsema mtu huwa sijui breki ziko wapi, na msikilizaji anaweza kudhani namchukia. Simchukii. Mama yetu alipougua, ni yeye aliyempa chumba chake, akahamia sebuleni na dada yangu, na hajawahi kutukumbusha. Lakini ndiye aliyenipotezea mume, kwa maneno mawili, mchana kweupe, mimi nimekaa pale pale nacheka kama mjinga.

Yeye ni fundi makochi. Karakana yake iko ubavuni mwa nyumba, sponji zimerundikwa mpaka darini, na misumari midogo huwa ameibana midomoni, kwa hiyo maoni yake mengi ya siasa nimeyasikia yakipenya katikati ya misumari. Mtaa mzima unamwita Itifaki. Ukiingia kwake bila hodi, anakutoa nje ubishe upya. Ukimsalimia mkono mfukoni, hujamsalimia. Na kuhusu rais, jamani, hapo usimguse. Rais ni mmoja, na asiulizwe-ulizwe. Akitaka kumfukuza waziri, amfukuze asubuhi, jioni awe na mwingine. Bunge la nini? Watu wazima wanalipwa kusinzia!

"Fahali wawili hawakai zizi moja," husema.

"Sisi si ng'ombe, mwanyumba," mume wangu humjibu.

Mwanyumba ndivyo wanavyoitana, maana wameoa ndugu wawili, mimi na dada. Mume wangu ni fundi umeme, na mdomo wake ulikuwa hauna swichi ya kuzima. Kila Itifaki akisema hivi, yeye atasema vile, hata kama jana alisema hivi. Lakini lilikuwapo jambo moja ambalo hakulitania. Mama mzazi wa Itifaki alifia kwenye benchi la hospitali, wakubwa wawili wa pale wakisukumiana karatasi ya dawa, kila mmoja akidai sahihi ni kazi ya mwenzake. "Siku ile nilitaka mtu mmoja tu mwenye kauli," Itifaki husema, na hapo mume wangu hutazama viatu vyake.

Jumapili mchana, tukishakula, sote wanne tulikuwa tunakaa kwa dada kuangalia filamu. Nasema kuangalia kwa heshima tu. Itifaki alianza kuizomea filamu toka majina ya mwanzo.

"Zamani jambazi ulimjua kwa jinsi anavyofunga mlango. Siku hizi unamwonea huruma mpaka mwisho, kumbe ndiye aliyeua! Na giza lote hili la nini, wameshindwa kulipa umeme? Mtoto anamjibu baba yake, halafu anayeomba radhi ni baba. Na rais je? Lini mmeona rais kwenye filamu hizi mpya asiwe mwizi, au mpumbavu, au ametekwa nyara akiwa na fulana ya ndani?"

"Labda wanaozitengeneza wamekutana nao."

"Mwanyumba, nchi ingekuwa yangu, wewe ungekuwa ndani siku nyingi."

"Nchi ingekuwa yako, hata mbu angepiga hodi."

Dada huwarushia mto, nao hucheka mpaka machozi. Walipendana, wale. Siku mume wangu akichelewa, Itifaki haiwashi televisheni. Anakaa na rimoti mkononi, ananuna.

Basi, akaja karakanani mwongozaji wa filamu, mama mwembamba wa sauti ya chini, anataka kiti cha rais. Itifaki akatoa misumari mdomoni kwanza.

"Rais wako ni mwizi?"

"Hapana. Ni rais tu."

"Anatekwa?"

"Hatekwi."

Akakubali. Alikitengeneza kiti kile kwa ngozi nyekundu iliyoiva, akakaza springi mpaka vidole vikatoka malengelenge. Siku ya kukabidhi akakikalia kukijaribu, maana hawezi kutoa kiti ambacho hajakikalia. Yule mama akamtazama, akamtazama. Akasema, "Usiinuke." Alikuwa amezunguka siku nyingi akitafuta uso ule, na hakujua kwamba uko kwa fundi makochi.

Ebo! Usiulize kilichofuata mtaani. Itifaki akawa anatembea mikono nyuma. Siku ya kupiga picha tukaalikwa, mimi, dada na mume wangu. Walikuwa wamekodi jengo la ofisi lililofungwa miaka mingi, chumba kimoja wamekifanya Ikulu, na zulia, na meza, na bendera ambayo si ya nchi yoyote. Ubavuni pana mlango mkubwa wa mbao. Mume wangu, ufundi ukimwasha, akaenda kuugonga, akaufungua, akatuonyesha. Mlango ulikuwa wa kuigiza. Umeegemezwa ukutani, na nyuma yake matofali matupu, huwezi kupitisha hata daftari.

"Milango ya serikali," akaninong'oneza, "haijawahi kwenda popote."

Ambao sikuwapenda hata kidogo ni walinzi. Walikuwa wawili, suti nyeusi, wamesimama mmoja kila upande wa ule mlango. Waigizaji wengine walikula, wakapiga soga, wakasinzia kwenye mabenchi. Wale walinzi hawakula. Nilimpelekea mmoja chai, akaitazama kama hajui inakwenda wapi mwilini, nikarudi nayo. Hata shingoni hawakuwa na jasho, na joto la taa zile lilikuwa la kuivisha mayai.

Wakaanza. Waziri anasoma, rais anasikiliza, rais anatia sahihi. Na lazima niseme ukweli, Itifaki aliweza. Alikaa pale mpaka nikajikuta nimeunganisha magoti. Chumba chote kimya. Ndipo mume wangu, ambaye kimya humwasha kuliko upupu, akapaza sauti.

"Mheshimiwa Rais! Lebo ya bei bado inaning'inia kwenye mkono wa koti!"

Na kweli ilikuwa inaning'inia. Chumba kikalipuka. Waziri alicheka mpaka akaangusha hotuba, mimi nikashika mbavu, hata dada alicheka. Itifaki hakucheka. Aliinua kidole, hakuinua hata sauti.

"Mtoeni huyu."

Walinzi wakaja. Mume wangu akanyoosha mikono mwenyewe afungwe pingu, bado anatania, akanikonyeza. Wakamshika huku na huku, wakafungua ule mlango, wakapita naye, wakaufunga. Mwongozaji akasema, "Kata! Hiyo nzuri sana, inabaki." Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga makofi. Ilichukua muda kidogo kabla mikono yangu haijajua inachoshangilia, ikasimama yenyewe.

Niliufungua ule mlango. Matofali. Nikayagusa, yalikuwa ya baridi. Nikaanza kulia pale pale, na watu wakadhani naigiza.

Tulimtafuta jengo zima. Simu haipatikani. Nyumbani hayupo. Nikamuuliza mwongozaji wale walinzi kawatoa wapi, akasema waliletwa na msaidizi wake. Msaidizi akasema, mimi? Si wewe uliyewaleta? Wakatazamana. Nilikwenda polisi, nikaulizwa nani amemchukua. Nikasema walinzi wa rais. Rais yupi? Shemeji yangu, fundi makochi. Walinipa maji ya kunywa, wakaniambia nikapumzike.

Nikaenda karakanani. Niliingia bila hodi, na Itifaki hakunitoa nje. Alikuwa amekaa chini katikati ya sponji.

"Umemtoa mume wangu," nikamwambia. "Mrudishe."

"Ilikuwa filamu tu, shemeji."

"Mrudishe!"

"Kauli ya mkuu haitenguki," akasema, lakini nadhani aliisema kwa mazoea, kama mtu anayepiga chafya. Dada akatokea mlangoni na lile koti. Alikuwa amekata lebo.

"Miaka yote unatuambia rais anaweza lolote," akamwambia mumewe. "Vaa, twende ukaweze."

Mwongozaji hakubisha, na yeye alikuwa halali vizuri. Tulimkuta peke yake kwenye lile jengo. Chumba kilikuwa vilevile, na walinzi walikuwa wamesimama mahali pao, ingawa hakuna aliyewaita siku hiyo. Itifaki akakaa kitini.

"Mrudisheni yule mtu."

Mmoja akageuza kichwa. Hatukuwa tumewahi kusikia sauti yake. Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa, ya karani.

"Arudi vipi, Mheshimiwa?"

Hapa ndipo ninapoumia. Angesema arudi alivyokuwa, ningekuwa sina hadithi. Itifaki alikuwa anaogopa, na mtu akiogopa hutoka na lile alilolizoea zaidi.

"Arudi na adabu," akasema.

Mlango ukafunguliwa. Mume wangu akatoka kwenye matofali, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, nywele zimechanwa. Nilimrukia, nikamkumbatia, nikampiga, nikamkumbatia tena. Akaniambia pole kwa usumbufu. Kisha akaenda kwa Itifaki, akainama, akamsalimia kwa mikono miwili.

Nilimuuliza alikokuwa. Akasema, "Nje." Ni nini kilichokuwa huko? Akasema mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Kazini wanamsifu. Anachomeka waya, anashukuru, anaondoka. Nyumbani nikisema nipike hiki, ni kizuri, nikibadilisha, hicho pia ni kizuri. Nikimkasirikia anasema nina haki. Nimeolewa na mwanamume aliyekuwa akinibishia hata jina la siku, jamani, na sasa nikigombana nasikia sauti yangu tu. Wanawake wenzangu wananiambia nina bahati. Nawaangalia, nashindwa nianzie wapi.

Itifaki, mwanzoni, alifurahi. Sitamsitiri kwa hilo. Jumapili ile ya kwanza aliizomea filamu mwanzo mpaka mwisho, na mume wangu akaitikia kila neno. Jumapili ya pili alizomea kidogo. Baadaye nikaona akimaliza sentensi anamgeukia, anangoja, na anapojibiwa "kweli kabisa" uso unamshuka. Alirudi kule kwenye jengo. Filamu ilikuwa imekwisha, Ikulu imevunjwa, mbao zimepelekwa kwingine, ukutani pamebaki matofali. Alisimama mbele ya ukuta ule akiwa amevaa lile koti, akatoa amri. Dada alimkuta huko sauti imemkauka, akamrudisha nyumbani akimshika mkono.

Jumapili hii Itifaki hakuwasha televisheni. Alivuta kiti mpaka magoti yake yakagusana na ya mume wangu.

"Nimefikiri, mwanyumba. Rais aulizwe. Aulizwe kila siku, na akishindwa kujibu aondoke."

"Ndiyo, mwanyumba."

"Na bunge liwe na meno."

"Kabisa."

"Na filamu za siku hizi..." Alikwama. Dada akaweka sahani chini. "Filamu za siku hizi ni nzuri kuliko zetu za zamani."

"Nzuri sana."

"Mimi ni mpumbavu. Nilikutoa kwa ajili ya lebo ya koti."

"Ni kweli."

Itifaki akamshika mabega. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, yeye ambaye hata msibani kwa mama yake alisimama wima.

"Nikatalie, ndugu yangu. Nakuomba. Mara moja tu, nikatalie."

Mume wangu alimtazama kwa heshima, kama anavyotutazama sote sasa.

"Sawa, mwanyumba," akasema. "Nikukatalie lipi?"