Ishara Niliyoitoa Mimi

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya miaka ya tisini, hapa hapa Toronto, ambayo sijaisahau. Nilikuwa mlinzi katika timu ya kulipwa, ule mpira wa Kimarekani wa helmeti na kuangushana, ambao Kanada wanaucheza kwa kanuni zao. Sikuwa nyota, picha za ukutani zisikudanganye. Kazi yangu ilikuwa kumzuia mpinzani asidake mpira, na kumwonyesha mwenzangu kwa mkono yupi wake na yupi wangu.

Mwenzangu huyo aliitwa Desmond, kijana wa mtaa wa Mount Dennis, mwenye mke na mtoto mchanga. Jumamosi moja nilimwonyesha ngumi, yaani yule wa kati nimemchukua mimi. Halafu, sijui ilikuwaje, nikamkimbilia mwingine. Yule wa kati akabaki peke yake, akadaka, tukafungwa.

Jumatatu kocha akatuwekea mkanda wa video. Mkono wangu haukuonekana. Alionekana Desmond tu, amesimama mbali.

"Desmond, ulikuwa unasubiri basi?"

Watu wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe. Desmond akaninong'oneza, "Samahani kaka, labda sikuuona mkono wako vizuri." Nikaitikia kwa kichwa tu. Kocha nisimwonee, alihukumu alichokiona.

Nyumbani, mtaa wa North York, nilikuwa nikiishi kwa Mama mdogo, aliyekuwa muuguzi. Akaona sili.

"Mkishinda unapiga kelele hapa mpaka jirani anagonga ukuta. Leo kulikoni?"

Nikamweleza yote, nikaongeza kwamba kocha hakuniuliza kitu.

"Kwa hiyo Desmond anakuomba radhi kwa kosa lako, na wewe unapokea tu?"

"Wakinifukuza je, Mama mdogo?"

"Utatafuta kazi, mikono unayo. Na yeye ataendelea kuyatilia shaka macho yake mpaka lini?"

Kesho yake, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikamkuta mtunza vifaa amesimama kwenye kabati la Desmond, akimwambia, "Kocha anakuita. Njoo na kitabu chako." Kwetu maneno hayo yalikuwa na maana moja: unarudisha kitabu cha mbinu, na kazi imekwisha. Chumba kizima kikainamia kamba za viatu.

Nikachukua kitabu changu, nikamtangulia Desmond kuingia kwa kocha.

"Ngumi niliitoa mimi. Yule mtu alikuwa wangu."

Kocha akamtazama Desmond, aliyekuwa nyuma yangu. Desmond akasema polepole, "Kumbe niliiona." Akashusha pumzi ndefu, akaegemea mlango.

"Rudisheni vitabu kabatini, nyote wawili," kocha akasema. "Wewe, mechi mbili benchi. Na siku nyingine useme kabla sijamwita mtu."

Mwanangu, nilikaa kwenye benchi lile nikiwa mwepesi kama niliyepona homa. Uwanjani Desmond alikuwa akicheza. Bila Mama mdogo ningesema? Nimejiuliza mara nyingi. Nadhani nisingesema.

Basi nakuusia: ukikosea kazini, usingoje kuulizwa. Sema mapema, kabla mwenzako hajajifunza kulibeba kosa lako akidhani ni lake. Huenda ukaadhibiwa, lakini adhabu ina siku ya kwisha. Mungu akupe ulimi usioogopa kukiri, akuzungushie watu watakaokuuliza swali gumu kwa upendo, na kila jioni akurudishe nyumbani ukiwa na hamu ya kula.