Kitwitwi Aliyebaki Bwawani

Septemba ile maji ya bwawa letu, karibu na Winson Green huku ughaibuni, yalikuwa yamepungua, na matope yakawavuta ndege wanaopita kwenda kusini. Kila Jumamosi mama alitaka nimpeleke kwa kiti chake cha magurudumu. Bata bukini hakuwajali. Alisema wana kelele na wanachafua njia. Aliowataka ni kitwitwi, vile videge vya ufukweni vinavyotikisa mkia, ambavyo kwetu Mombasa huonekana vikifika kila mwaka. Alikuwa akisema hao watatutangulia tu.

Maana nilishamwambia tunarudi nyumbani Desemba. Wiki tatu nyuma daktari alisema moyo wake hautahimili safari ya ndege, wala hatauona mwaka mpya. Mkalimani nilikuwa mimi. Nikamgeukia mama nikasema daktari anataka apate nguvu kwanza. Uongo ulinitoka kirahisi mpaka nikajichukia.

Jumamosi hiyo kitwitwi alibaki mmoja. Mzungu mmoja mwenye darubini, ambaye hakosi pale, alitueleza bila kuulizwa kwamba wenzake wote wameshaondoka. Huyu bawa lake limevunjika, hafiki popote, baridi itammaliza hapa hapa.

Mama akaniuliza anasemaje. Nikamwambia anasema huyu anapumzika, keshokutwa ataondoka.

Yule mzungu akaenda zake. Mama akawatazama bata bukini wakigombania mkate. Kwa miaka kumi na mmoja hapa sikuwahi kumsikia akitamka Kiingereza zaidi ya kumshukuru dereva wa basi. Mimi mjinga nikasahau kwamba wajukuu zake humjibu kwa Kiingereza mchana kutwa, naye huwaelewa.

"Hakusema hivyo," alisema. "Sasa nambie na daktari alisema nini."

Nilimwambia yote, nimesimama nyuma ya kiti ili nisiuone uso wake. Niliogopa sana. Hakulia. Aliuliza kama kweli ni kabla ya mwaka mpya, nikasema ndiyo. Akajifunika shali vizuri. Kule Mombasa dada yangu alikuwa ameanza kumtengenezea chumba cha chini, asije akahangaika na ngazi, na kila siku alimtumia picha za kuta anazozipaka rangi.

"Mpigie dadako," alisema mama. "Mwambie asipoteze rangi."