Kofia ya Luhende

Luhende wa Ngulyati alikuwa na ugonjwa wa kuitikia salamu tangu utotoni. Hata akiwa juu ya baiskeli na gunia la pamba, ukimsalimia anashuka, anaegesha, anakuulizia ng'ombe wako mmoja mmoja. Mkewe, Milembe, alishazoea kula peke yake.

Nimonia ilipomlaza hospitalini Bariadi, alivikwa kofia: puto la plastiki angavu lililofunika kichwa chote na kubana shingoni kwa mpira, bomba la hewa likiingia huku, jingine likitoka kule. Mzee mzima, kama samaki wa mapambo. Nesi Joyness alieleza kwamba hewa hiyo inayasaidia mapafu yaliyochoka. Kofia ikifunguliwa inavuja, na akizidi kuchoka atapelekwa Mwanza kuwekewa bomba kooni.

"Sawa," alisema Milembe. Hakuhisi kitu. Alikuwa anawaza kama alifunga banda la kuku.

Asubuhi, saa ya kuona wagonjwa, kijiji kikaingia, kila mtu na salamu yake ya Kisukuma.

"Mwangaluka, Luhende."

Luhende, mtu wa adabu, akaingiza vidole shingoni aivue aitikie. Mashine ikapiga kelele, Joyness akaja mbio. Akafuata katekista Danford na mwangaluka yake. Vidole tena. Kwaya nzima ilikuwa bado koridoni.

Milembe akasimama mlangoni. "Piteni. Hakuna kumsalimia."

"Shemeji, tusalimie kitanda?" aliuliza Mwandu, mdogo wake Luhende.

"Usisalimie chochote. Mwangalie, tembea."

"Anayepitwa hivyo ni maiti."

"Basi mpite kama maiti."

Wakapita kimya. Luhende akawatazama kutoka ndani ya plastiki, mmoja baada ya mwingine, hadi wa mwisho. Mikono yake ikalala juu ya shuka. Joyness akaitazama mashine, akasema sasa anapumua vizuri.

Siku kofia ilipovuliwa, Luhende aliuliza, "Nilizikwa lini?"

"Hujazikwa," alisema Milembe. "Ungeitikia, ungekufa."

Akafikiri kidogo, akaomba uji.

Sasa yuko nyumbani, mapafu yamepona. Anakaa uani. Watu wanapita, "Mwangaluka, Luhende," naye haitikii, anawatazama tu hadi wapotee. Milembe naye humpa mwangaluka yake kila asubuhi, akimwekea kikombe. Luhende hunywa. Milembe huketi kando yake, wakala pamoja, kama alivyotaka miaka yote, na hakuna anayesema kitu.